Nakala Safi ya Kitabu cha Tano

Sentensi ilikuwa na maneno saba tu, lakini Akumu alipoifikia aliweka kalamu mezani na kuitazama kama mtu anayetazama nyoka aliyejilaza kizingitini. Sombe akampa adui ufunguo, akaondoka bila kugeuka. Aliisoma tena, akidhani mwandiko umemdanganya. Mwandiko wa Mwalimu Byabato ulikuwa umeharibika siku hizi. Herufi zilikuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, mistari ilipandana, neno moja likakalia kichwa cha jingine. Lakini hapa hapakuwa na shaka. Mzee Sombe, mlinzi wa mlango wa mji ulio chini ya ziwa, ambaye kwa vitabu vinne vizima alimfundisha binti Nyangeta kutembea kwenye mchanga wa kilindini bila kuzama, pumzi kwa pumzi, alikuwa amemsaliti. Na kitabu cha tano kiliishia hapo hapo. Chini ya sentensi ile kulikuwa na karatasi nyeupe.

Akumu alikuwa na miaka arobaini na sita. Mchana alifanya kazi katika kiwanda cha nyavu kule Nyakato, kazi ya kukagua mafundo. Wavu ulipita mbele yake jicho kwa jicho, na fundo lililolegea hakuliacha lipite. Jioni alikwenda ukumbi wa parokia Mabatini, darasa la watu wazima. Miaka sita nyuma alifika pale akiwa hawezi hata kumwandikia mwanawe Ojwang barua ya mistari mitatu. Vitabu vya kujifunzia vilivyokuwapo vilisema baba ana kuku, kuku ana yai, na watu wazima walioacha biashara zao kuja kusoma walionekana wakitazama saa ukutani. Ndipo Mwalimu Ponsian Byabato, mstaafu kutoka Muleba, alipoanza kuwaandikia hadithi yake mwenyewe. Aliisoma kila Ijumaa, sura moja, mwisho wa kipindi. Asiyekuwapo hakusomewa tena, na hakuna aliyeruhusiwa kumsimulia. Tangu hapo viti vya Ijumaa havikukaa wazi.

Kitabu kilipokamilika kilinakiliwa kwa mwandiko safi, kikapelekwa duka la stesheni, la karatasi na kalamu, kupigwa chapa, kikatolewa nakala mia mbili za madarasa ya Mwanza na Nansio. Kunakili ilikuwa heshima, na tangu kitabu cha tatu heshima hiyo ilikuwa ya Akumu. Masharti yalikuwa machache. Anakili kama ilivyo. Asipoelewa neno, aulize. Na yaliyo mbele asimwambie mtu, hata padre.

Sasa alikaa na sentensi ile mpaka chai yake ikapoa. Alimpenda Sombe. Hakuwahi kulisema hilo kwa sauti, maana lingechekesha, mwanamke wa umri wake kumpenda mzee wa kwenye daftari, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sombe alipomwambia Nyangeta kwamba hakuna aliyechelewa kujifunza kupumua, Akumu alilia darasani na kusingizia vumbi. Na huyu ndiye wa kuondoka na jina la msaliti? Hata Petro aliachiwa nafasi ya kulia.

Alichukua rozari yake akasali makumi yote matano. Aliomba aonyeshwe la kufanya. Alipomaliza alisikia utulivu kifuani, akauchukua utulivu ule kuwa ndilo jibu. Baadaye, kwa muda mrefu, angejiuliza kama alisali au alijisemea tu, kwa maneno matakatifu, jambo aliloamua kabla ya kupiga magoti. Lakini siku ile alishika kalamu na kuandika kwa mwandiko wake bora kuliko wote: Sombe akampa adui ufunguo wa uongo, huku akimkonyeza Nyangeta.

Alidhani Mwalimu ataliona. Alikuwa ameandaa hata maneno ya kujitetea. Kesho yake alimpelekea daftari, na Mwalimu akalipima uzito kiganjani, akalirudisha bila kulifungua.

"Sina haja ya kulipitia," alisema. "Lipeleke stesheni moja kwa moja. Jicho lako nalijua."

Akumu alisimama pale na daftari mkononi. Kama angekuwa na ujasiri wa kusema neno moja tu, ingekuwa wakati ule. Badala yake alisema, "Haya, Mwalimu," akaenda.

*

Kitabu kilitoka baada ya wiki mbili. Ijumaa hiyo ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa dirishani. Mwalimu alikuwa ameacha kusoma mwenyewe tangu mwaka uliotangulia. Alisema sauti imechoka, akawa anawapa wanafunzi zamu. Hata madaftari hakuwa akiyasahihisha tena kwa kalamu nyekundu. Alimtaka mtu asimame, asome alichoandika, naye akakosoa kwa mdomo. Wengi hawakupenda jambo hilo.

"Mwalimu siku hizi amekuwa mvivu," Dorotea alikuwa akisema mara kwa mara, tena bila kushusha sauti. Dorotea aliuza vitumbua jirani na parokia na hakuwa na siri na mtu. "Uzee ukikaribishwa kiti, hauinuki. Mimi madaftari yangu tangu Krismasi hayajaona wino mwekundu."

Zamu ya siku hiyo ilikuwa ya Nestory, fundi pikipiki, mwenye sauti nzito na tabia ya kufuata mstari kwa kidole chenye oili. Akumu alikaa nyuma. Mfalme wa Tope alikuwa amefika mlangoni na jeshi lake. Sombe alitoka na ufunguo mkononi. Nyangeta alijificha nyuma ya jiwe akitazama. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, hata Dorotea.

"Sombe akampa adui ufunguo wa uongo," Nestory alisoma, "huku akimkonyeza Nyangeta."

Vigelegele vya Dorotea ndivyo vilivyoanza. Watu walicheka, wakapiga meza, mmoja akamkumbatia jirani yake. Akumu hakucheka. Alikuwa anamtazama Mwalimu. Mzee alikuwa ameketi mbele, uso ameuelekeza dirishani, mikono juu ya mkongojo. Kidole gumba kilichokuwa kikisuguasugua kichwa cha mkongojo kilisimama.

"Rudia hapo, Nestory," alisema.

Nestory akarudia, safari hii kwa madaha.

"Ahaa," Mwalimu alisema. "Vizuri."

"Kumbe ulikuwa unatutania, Mwalimu," Dorotea alisema akifuta machozi ya kicheko. "Nilishaanza kumchukia mzee wa watu. Nilidhani atageuka."

"Hata mimi nilidhani hivyo," Mwalimu alijibu. "Mwandishi naye huwa anashangazwa."

Wakacheka tena. Kwao hayo yalikuwa maneno ya mtu mwenye furaha. Akumu aliinamisha kichwa. Wakati ule ndipo alipoelewa kwamba Mwalimu alikuwa ameisikia sentensi ile kwa mara ya kwanza pamoja nao, na kwamba hangemtaja.

*

Jumamosi asubuhi alikwenda kwake, nyumba ya vyumba viwili upande wa juu wa Mabatini ambako mawe makubwa yamekaa juu ya mapaa kama mizigo iliyosahauliwa. Mwalimu alikuwa barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Akumu." Darasani na nje ya darasa aliwaita kwa majina yao wenyewe, alisema mama wa fulani wamebaki nyumbani, waliokuja kusoma wana majina. "Kaa. Nilijua utakuja, ila nilikupa mpaka Jumatatu."

Kama ilivyo desturi ya kwao Muleba, mgeni kabla ya maneno hupewa kahawa ya kutafuna. Kikapu kidogo cha buni kilikuwa juu ya kigoda kando yake. Alinyoosha mkono kukichukua, mkono ukapita hewani upande wa kushoto wa kikapu. Ukarudi. Ukapita tena, ukagusa ukingo wa kigoda, ukapapasa, ukakipata. Akamnyooshea, lakini alikinyooshea kiti kilichokuwa kitupu, si kile alichokalia Akumu.

Akumu aliinuka taratibu, akahamia kiti kile, akapokea buni kwa mikono miwili. Mwalimu akasikia kiti kikilia mara ya pili, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekamatwa.

"Basi umeona," alisema. "Mimi sioni, wewe umeona. Tumegawana."

"Tangu lini?"

"Jicho la kushoto mwaka wa tatu huu. La kulia lilikuwa linaniachia mwanga wa dirishani, nalo limeaga kabla ya Kwaresima. Ni presha ya macho. Ukiiwahi kwa upasuaji inakatwa, ukichelewa haina huruma."

Akumu alitafuna buni bila kusikia ladha yake. Alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa, sasa yalikuwa yametawanyika.

"Nilibadilisha, Mwalimu. Ni mimi."

"Najua. Nani mwingine alishika daftari?"

"Kwa nini hukusema jana?"

"Nikutaje mbele ya Dorotea? Habari ingefika Nansio kabla ya meli."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi, kikaisha na kuacha mahali pake pakiwa patupu zaidi. Chini huko honi za bodaboda zilisikika, na mtu akinadi nyanya. Akumu alisema hakuweza kuvumilia. Alisema alimwonea huruma Sombe. Alisema hata alisali.

"Ulimpenda," Mwalimu alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi ndiye niliyekufanya umpende. Vitabu vinne nilikuwa nafanya kazi hiyo tu. Nilikuwa nakuandalia maumivu, Akumu, na wewe na wenzako mngeyabeba kwa kitabu kimoja kizima kabla sijawaambia yalikuwa ya nini." Akatafuna. "Nitakueleza kitabu cha sita. Lakini ukifungie mdomo. Msomaji ambaye hajamchukia Sombe hawezi kukielewa."

Akamweleza. Ufunguo ule ulikuwa wa kweli. Mlango wa mji ulifungika kwa ndani tu, na aliyeufunga hakutoka tena. Kwa haki ya urithi zamu ya kuufunga ilikuwa ya Nyangeta. Sombe akaukabidhi ufunguo kwa Mfalme wa Tope ili naye achukuliwe mateka pamoja nao, ashuke na jeshi lote mpaka chini, kisha aufunge mlango akiwa ndani pamoja na adui zake. Jambo moja tu lingeharibu mpango huo: Nyangeta akibaki anampenda. Angekaa mlangoni akimsubiri, na maji yangemkuta hapo. Ilimpasa aondoke akiwa amemkasirikia, apande juu, aishi.

"Sombe hakutoa uhai wake tu," Mwalimu alisema. "Uhai wazee wengi wangeutoa. Alitoa jina lake. Wewe ukamrudishia."

Akumu alifunika uso kwa khanga. Maneno yale hayakusemwa kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza. Katika miaka yake ya kiwandani hakuna fundo lililompita, na hili alikuwa amelifungua kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anaokoa samaki.

"Niende stesheni, wakipige upya," alisema.

"Zimeshatoka zote. Za Nansio ziliondoka Alhamisi."

"Na cha sita?"

"Kinaanzaje? Cha tano kinasema ufunguo ni wa uongo. Mlango gani unafungwa kwa ufunguo wa uongo?"

Walikaa. Jua lilikuwa limefika miguuni mwa Mwalimu, naye akaiondoa polepole kama mtu anayempisha mgeni. Akumu alikuwa akikumbuka jambo.

"Mwalimu. Ulisema ukiwahi inakatwa. Madaktari waliwahi kukuambia uende?"

Mwalimu akatema ganda la buni.

"Waliniambia mwezi wa sita. Nilale miezi mitatu au minne, nisiiname, nisisome."

"Mwaka gani?"

"Mwaka wenu wa mtihani."

Akumu aliuona mwaka ule wote mbele yake. Walikuwa watahiniwa tisa. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, Mwalimu hakukosa jioni hata moja. Alikuwa akileta taa yake kwa sababu umeme ulikatika, akiinama juu ya madaftari yao na kalamu nyekundu, uso ukikaribia karatasi siku hadi siku, nao wakitaniana kwamba mzee ananusa makosa. Saba walifaulu. Yeye alikuwa wa tatu, na alifanya sherehe ya soda.

"Kwa nini hukutuambia? Tungesubiri."

"Mngesubiri mwaka, na kati ya tisa wangerudi wawili. Nawajua." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa hesabu ya mvua. "Nilikosea, labda. Nilidhani ugonjwa utanivumilia mpaka Novemba. Lakini usimwambie mtu. Wakijua, kila aliyefaulu atajiona amekula macho yangu. Wewe umeona kwa ajali. Sitaki wengine."

"Wanakuita mvivu, Mwalimu."

"Mwaka wa pili sasa. Jina lenyewe si zito sana."

*

Mwisho wa mwezi binti yake Annet alikuja kutoka Muleba kumchukua. Mwalimu aliwaambia darasa kwamba amechoka na mji, kwamba migomba yake inahitaji mwenyewe. Siku ya kumuaga walifika watu kumi na mmoja kati ya arobaini. Alipita kwenye mlango wa ukumbi ameshikwa mkono na Annet, na waliokuwapo waliona binti anayemheshimu baba yake. Akumu alibeba mkoba. Pale stendi alitaka kusema neno zuri la kuagana, likakataa kutoka. Alimpigia magoti kidogo kama binti, akaomba baraka. Mwalimu akamwekea mkono kichwani, na mkono ule safari hii haukukosea mahali.

Usiku na asubuhi, katika sala zake, Akumu aliacha kuomba aonyeshwe kitu. Alisema tu, Bwana, nilichofanya unakijua, kisha akanyamaza, na mara nyingi kimya hicho kilimchosha kuliko rozari nzima. Mungu Baba hakumpa utulivu. Baada ya wiki kadhaa akaona kwamba hahitaji kuusubiri.

Alinunua karatasi nyeupe, akazikata vipande vyembamba, upana wa mstari mmoja. Kwenye kila kipande aliandika sentensi ya Mwalimu kama ilivyokuwa, neno kwa neno, akivihesabu mpaka vikafika mia mbili. Ijumaa alichukua sufuria ndogo ya uji mzito wa unga, gundi waliyoijua wote tangu utotoni, akaenda ukumbini mapema. Darasa lilikuwa bado halijapata mwalimu mwingine. Walikuwa wakikutana wenyewe na kurudia masomo ya zamani. Waliokuja walikuwa kama kumi na watano. Alisimama mbele, mahali ambapo hakuwahi kusimama.

"Nina neno," alisema. "Kitabu cha tano, mstari wa mwisho, si wa Mwalimu. Ni wangu. Niliubadilisha wakati wa kunakili, bila ruhusa yake, na yeye akanisitiri. Huu hapa ndio wenyewe." Akausoma.

Nestory akaguna.

"Mama Ojwang, wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyekuwa unatukemea tukiruka nukta?" Dorotea alisema. "Haya. Na mimi nilipiga vigelegele kwa uongo wa mwanamke wa Nyakato. Mbele ya watu." Aligeuka kwa wenzake. "Tumempa kalamu mtu anayeandika anavyojisikia."

Maneno mengine yalifuata. Mmoja alisema asingemwamini tena hata na orodha ya mahudhurio. Akumu aliyaacha yapite. Alikuwa ameyatarajia, na yalipofika aliyaona ni madogo kuliko alivyoyaogopa. Alianza kupita meza kwa meza, akipokea vitabu, akipaka uji, akibandika.

"Kwa hiyo mzee alimsaliti kweli," Nestory alisema polepole, akitazama kikaratasi kilicholowa juu ya ukurasa wake. "Ufunguo wa kweli kabisa. Kwa nini lakini? Wewe ulishika daftari, lazima unajua."

"Mwalimu hakuniruhusu kusema."

"Kwa hiyo lipo la kusema."

"Nimesema hakuniruhusu, Nestory."

"La kusema lipi?" Dorotea akadakia. "Msaliti ni msaliti. Mimi mzee yule nilimshuku tangu kitabu cha pili, anavyopenda kuongea kwa mafumbo. Anamlea mtoto wa watu, anamzoesha, halafu anampa mgongo." Alisonya. "Na aliyemwandika naye si ndiyo hivyo hivyo? Ametuanzisha, amechoka, amekwenda zake kwenye migomba. Hata madaftari alikuwa hafungui. Au nasema uongo?"

Wengine walitikisa kichwa kumkubalia. Baadhi walimtazama Akumu, maana ilijulikana alikuwa karibu na Mwalimu kuliko wote. Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwake, machache tu, na yangetosha kuunyamazisha ukumbi mzima. Katika kiti cha mbele alikaa Nestory, wa pili kwa alama mwaka ule wa mtihani. Karibu na dirisha alikaa Dorotea mwenyewe, aliyefaulu kwa kuvuka mpaka kwa alama mbili tu na kukitundika cheti chake juu ya beseni la vitumbua. Akumu aliwatazama mmoja mmoja.

Alichovya kidole kwenye uji, akakipaka kikaratasi kingine, akakinyoosha kwa ukucha kisikunjike.

"Lete chako, Dorotea," alisema.

Dorotea akakileta, akiendelea kusema.